Mshono wa Kona

Jumanne jioni Stempu alirudi kazini na picha mfukoni. Jina la kwenye cheti chake ni jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Stempu, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kuchambulia barua cha posta, na kwa sababu, kama walivyosema majirani, akishika neno haliachi, linaganda. Alinawa kwa kikombe kimoja cha maji, maana mtaani kwao bomba lilitoa maji Jumatano tu na leo ndoo zilikuwa zinaonyesha kitako. Akaketi, akaiweka picha mezani, karibu na sahani ya mkewe.

Alieleza huku anatafuna. Wachambuzi wote wamepewa nakala. Kile kifurushi cha kwanza kilimchoma uso karani wa kampuni ya maji, na hilo kila mtu analijua. Cha pili kililipuka palepale posta, meza ya jirani, kikamwondolea vidole vitatu yule mwenzake mrefu. Cha tatu kilifika salama chuo kikuu, kikakaa siku mbili juu ya meza ya mkuu wa idara ya hesabu bila kulipuka, kimya kama jiwe, mpaka mfagizi akakitilia shaka. Sasa wapelelezi wamekipiga picha kila upande. Atakayeona kingine cha namna hiyo asikiguse, apige kengele, atoke mbio.

"Wanasema ni kazi ya fundi nguo," Stempu akasema. "Siku hizi nani anashonea kifurushi kitambaa? Watu wanapiga gundi. Kesho wanapita mitaani kukusanya mafundi wote. Ficha sindano zako, mke wangu."

Alikuwa anatania. Mkewe, ambaye alikuwa anaitwa Fundi hata na mama mkwe wake, hakucheka. Aliichukua picha akaenda nayo dirishani, penye mwanga uliobaki.

Kitambaa kilikuwa amerikani nyeupe ya kawaida. Pembe imekunjwa mara mbili, ncha ikaingizwa ndani, kisha sindano ikaenda mishono mitatu mbele, mmoja nyuma, na kufungwa kwa msalaba mdogo usiozidi punje ya mchele. Mama yake Fundi alishona magodoro ya pamba kwa mkono miaka thelathini, na msalaba ule aliubuni mwenyewe ili pamba isitoke pembeni. Hakuna shule iliyoufundisha. Watu walioujua duniani walikuwa watatu. Mmoja alikuwa kaburini, wa pili alikuwa ameishika picha.

"Chakula kinapoa," Stempu akasema.

Fundi akajibu kwamba tumbo linamsumbua.

Wa tatu alikuwa mdogo wake, waliyemwita Hesabu tangu akiwa na miaka sita, alipomwambia muuza duka mbele ya watu kwamba amekosea kujumlisha, na ikawa kweli. Ndiye aliyekwenda chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali na akarudi daktari wa hesabu. Ndiye aliyefanya watu wamwite Fundi "dada yake Daktari" hata wanapokuja kushonewa zipu.

Sasa alikuwa anakaa upande wa pili wa mji, chumba cha nyuma kwenye nyumba ya fundi betri, mlango wake wa chuma ukitazama ukuta. Alihamia huko miezi saba nyuma, akisema nyumbani kwa dada yake cherehani inampigia kelele. Jumatano asubuhi Fundi alimwacha mteja na gauni lenye mkono mmoja, akaenda.

Alipokewa kama siku zote. Kiti pekee kilifutwa vumbi kwa kiganja akapewa yeye, Hesabu akakalia ndoo iliyopinduliwa. Ukuta mzima ulikuwa na karatasi za hesabu, zimebandikwa kwa mpangilio, hakuna iliyopinda. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi. Akauliza habari za shemeji, kama bado anakoroma kwa awamu.

Fundi aliweka picha gotini pake. Hesabu aliitazama kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Kona ya chini imelegea," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Njia nzima Fundi alikuwa amejiandalia hasira. Alikuwa amepanga atakavyopiga kelele, atakavyomshika shati. Sasa hasira ilitafutwa haikuonekana. Alimwuliza kwa nini, ingawa alijua. Kisa alikijua chote, alikisikia mpaka akachoka nacho. Mdogo wake aligundua namna ya kukokotoa maji machache yapite kwenye mabomba mengi, kila nyumba ipate ya kwake. Mkuu wa idara akaweka jina lake juu ya kazi ile, akaiuza kwa kampuni ya maji. Kampuni ikaigeuza kichwa chini. Hesabu ile ile inayoonyesha jinsi ya kumpa kila mtu, ukiisoma kutoka upande wa pili, inaonyesha nani unaweza kumnyima na mji usisimame. Mitaa kama wa Fundi ikabakiziwa Jumatano. Hesabu akaandika barua. Kisha akasimama kwenye mahafali, mbele ya wazazi na kofia zao, akaanza kueleza. Kipaza sauti kikazimwa. Wiki iliyofuata akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na askari wa getini, aliyekuwa akimsalimia kwa kuinama miaka kumi na moja, akamwambia vitabu vyake avifuate mlango wa takataka.

"Barua arobaini na moja, dada. Wizarani, chuoni, magazetini. Hakuna aliyeandika hata 'tumepokea'. Vifurushi vitatu tu, nimekuwa taarifa ya habari ya saa mbili."

"Umemkata vidole mtu tunayechota naye maji foleni moja."

"Huyo hakukusudiwa."

"Vidole vimeambiwa hivyo?"

Fundi akamkumbusha kwamba shemeji yake anakaa meza ya pili kutoka pale. Akamwambia kila kifurushi kinachotumwa mjini kinaweza kupita mikono ile, iliyombeba yeye siku alipougua akiwa mwanafunzi, maili mbili hadi hospitali.

"Nimelipigia hesabu," Hesabu akasema, taratibu, kama anamtuliza. "Uwezekano wa kupitia mikononi mwa shemeji ni mmoja kwa mia mbili."

"Na hao mia moja tisini na tisa hawana dada?"

Nje, fundi betri alikuwa anagonga kitu kwa nyundo, anaacha, anagonga tena. Fundi akauliza kama kuna cha nne. Hesabu akasema kipo, kitatoka Ijumaa jioni. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya kufua.

"Kwa nini unaniambia?"

"Umeuliza. Wewe ndiye mtu pekee anayeuliza kisha akangoja jibu."

Dada mkubwa akampigia magoti mdogo wake, jambo ambalo mama yao angelifunika uso asilione. Hesabu alimwinua kwa mikono miwili, akampangusa gauni vumbi, akamwambia asijichafue. Kisha akarudi kwenye ndoo yake. Fundi alipotoka alisikia komeo la chuma likirudishwa nyuma yake.

Kituo kidogo cha polisi kilikuwa na benchi moja na watu tisa. Mbele ya Fundi alikuwepo mtu aliyepotelewa na simu, na mbele yake wawili waliogombea uzio. Zamu yake ilipofika jua lilikuwa limeshapita kichwani. Askari wa kaunta, mnene, mwenye sauti ya usingizi, alifungua daftari akaandika tarehe. Fundi alieleza kwa sauti ya chini. Askari akamwambia apaze, hapa si kwa mganga. Akapaza. Benchi zima likageuka.

Askari aliandika vizuri mpaka alipofika kwenye kazi ya mtuhumiwa. Fundi akasema alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, daktari wa hesabu. Kalamu ikalazwa mezani.

"Daktari?"

"Ndiyo, afande."

Akamwita mwenzake wa chumba cha ndani aje asikie. Mwenzake akaja na kikombe cha chai. Wakashauriana mbele yake kana kwamba yeye ni mzigo ulioachwa kaunta. Mwenye chai alisema magaidi ni watu waliokosa shule. Sasa huyu kakosa nini? Mnene akauliza kama wana shamba la urithi. Fundi akasema hawana. Nyumba? Hawana. Basi lazima kuna kitu, mnene akasema, maana dada hamtaji kaka bure.

"Mama yangu, nakushauri kama mwanao. Mambo ya ukoo yamalizieni nyumbani. Ukiona bado, lete barua ya kiongozi wa mtaa, yenye mhuri."

Kiongozi wa mtaa hakuwepo ofisini. Ilikuwa Jumatano, alikuwa bombani anasimamia foleni, kijiti mkononi, watu wanasukumana na ndoo zao. Alimsikiliza Fundi kwa sikio moja, la pili likiwa kwa mwanamke aliyeruka foleni. Akasema mhuri uko nyumbani kwa katibu, katibu amesafiri, aje Jumatatu. Kisha akamwuliza kama na yeye hakuja na ndoo, maana maji yanakatika saa kumi.

Nyumbani alimweleza mumewe. Stempu alisikiliza bila kuvua viatu. Alipomaliza, mwanamume yule asiyekosa neno alikaa muda mrefu anatazama mikono yake mwenyewe, anaifungua na kuifumba.

"Mtu niliyemnunulia koti la mahafali," akasema.

Kisha hasira zikaja, lakini zikakosa njia, zikamwendea mkewe. Akasema haiwezekani, umeona mshono mmoja umepata wazimu. Fundi akamwambia amekiri. Akasema basi ni kichaa, na kichaa hashitakiwi. Mwisho, sauti ikiwa imeshuka, akasema lililokuwa chini kabisa: Hesabu akikamatwa, nani ataamini kwamba shemeji yake, mchambuzi wa posta, hakuwa anampitishia? Kazi itakwenda. Huenda na yeye mwenyewe akaenda.

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Nimesema tunyamaze? Nimesema tufikiri."

"Fikiri basi. Una kesho tu. Keshokutwa jioni anakitoa."

Stempu alisema atafikiri. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, ila mkewe alimwona akirudi kutoka mlangoni kuchukua glavu za ngozi za kulimia, kana kwamba zingezuia kitu.

Alhamisi Fundi alikwenda kituo kikuu, ghorofa nne, sakafu inayong'aa. Hakupitia mambo ya ukoo. Alitoa picha, kipande cha amerikani, sindano na uzi, akamwambia askari kijana wa mapokezi: tazama. Akakunja pembe, akashona. Mitatu mbele, mmoja nyuma, msalaba. Haikuchukua dakika mbili. Alikuwa ameuwaza mpango huo tangu alfajiri: maneno wameyakataa, wakione kitu kwa macho.

Kijana alilinganisha kitambaa na picha. Akalinganisha tena. Uso ukambadilika, na Fundi akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akijua sasa ameeleweka.

"Weka sindano chini, mama," kijana akasema, mkono kiunoni. "Weka chini polepole."

Tangu hapo alilosema halikuwa na kazi tena. Alimtaja mdogo wake, alitaja nyumba ya fundi betri, mlango wa chuma, Ijumaa jioni. Waliandika kwamba mshukiwa anajaribu kumsingizia ndugu msomi. Walimvua mkanda na viatu, wakamwingiza chumbani pamoja na mafundi sita waliokusanywa mitaani. Mmoja wao, mzee wa suruali, alimjua.

"Hata wewe, dada yake Daktari?" akamwuliza kwa huruma. "Si umpigie simu kaka yako aje awaeleze hawa? Wasomi wanasikilizwa."

Fundi alicheka. Alicheka mpaka mafundi wakasogea pembeni.

Jioni Stempu alifika kaunta na kanga ya kumfunika mkewe. Walimsimamisha saa nzima. Alipoulizwa anataka nini, lile neno alilokuwa analifikiri tangu jana lilimtoka lote, na kila mtu pale alilisikia: kwamba gaidi ni shemeji yake, kwamba yeye mwenyewe ni mchambuzi wa posta, waandike na hilo, wakitaka wamfunge, ila huyu mwanamke wamwache na kile chumba wakakivunje leo. Askari walitazamana. Mmoja akasema nyumba hii ina raha, kila mtu ana wa kumtaja. Kanga ilipokelewa. Stempu alibaki barazani pa kituo mpaka kukakucha.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuja mwanamume wa suti ya kijivu, mtu wa makao makuu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Fundi aliletwa mbele yake. Juu ya meza palikuwa na kitambaa alichoshona yeye na, ndani ya mfuko wa nailoni, kitambaa chenyewe cha kifurushi cha tatu. Mwenye suti akamwambia aeleze tangu mwanzo, na asimdanganye.

Fundi alikuwa amechoka kueleza. Hakumwambia habari za barua wala maji wala vidole.

"Wewe umewahi kushona kifungo?" akamwuliza.

Mwenye suti akasema amewahi, jeshini.

"Basi geuza vyote viwili, utazame nyuma. Uzi wangu umelala kuelekea wapi?"

Aligeuza. Uzi wa Fundi ulilala kwenda kulia. Ule wa kifurushi ulilala kwenda kushoto, kila mshono, kama nyasi zilizopigwa na upepo mwingine.

"Mimi natumia mkono wa kulia. Huyu ni mdogo wangu, nilimfundisha mimi, tumekaa tukitazamana, na yeye ni wa kushoto. Alikuwa na miaka minane, mama anaumwa, magodoro yanangojewa. Hata nikitaka kushona hivyo siwezi. Nipe sindano ujaribu."

Mwenye suti hakumpa sindano. Alivitazama vitambaa vile muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo Fundi alikuwa amelijibu siku mbili bila kuulizwa.

"Anakaa wapi?"

Walimpeleka kwa gari lisilo na alama. Walikuwa kumi na wanne, wengine wameshatangulia kumtoa fundi betri na watoto wake. Ndani ya gari mwenye suti alimweleza kwamba mlango ni wa chuma, na wakiuvunja, aliyeko ndani anaweza kufanya lolote na kilichoko mezani. Akifungua mwenyewe, atatoka hai. Akamwambia aseme yuko peke yake. Alilirudia mara nne: sema uko peke yako, mama, hilo tu. Fundi alikuwa anavaa na kuvua viatu vyake, ambavyo walimrudishia bila kamba.

Alitembea uchochoro wa kuelekea mlangoni peke yake, wanaume wamejibana ukutani pande zote mbili kama nguo zilizoanikwa. Ilikuwa saa tisa. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Uko peke yako?"

Mkono wa mwenye suti ulipanda, unampungia aseme. Fundi alikuwa hajawahi kumdanganya mtoto yule, hata siku ya kifo cha mama yao, wakubwa wote walipomwambia kwamba mama amesafiri. Yeye ndiye aliyempeleka nyuma ya nyumba akamwambia.

"Nimekuja kukuchukua," akasema.

Mtu mmoja ukutani alikuwa anapumua kwa mdomo. Fundi aliweka kiganja kwenye chuma, kilikuwa cha moto kwa jua la mchana, na hakukiondoa. Alisikia ndoo ikisogezwa. Alisikia hatua tatu. Kisha komeo.

Hesabu alisimama mlangoni na shati lake la pasi. Alimtazama dada yake kwanza. Halafu macho yakapita begani kwake yakawahesabu wale watu, mmoja mmoja, hakuweza kujizuia. Hakurudi nyuma. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele, wakamwangukia, wakamlaza, wakamfunga, wengine wakaingia ndani na kutoka wakisema kipo mezani, bado hakijafungwa. Kelele zote zile zilipokwisha akasimamishwa, vumbi upande mmoja wa uso. Fundi alinyoosha mkono amfute, askari akamzuia.

"Wamekusikiliza mara ya ngapi?" Hesabu akauliza.

Fundi hakutaka kumjibu. Lakini alikuwa ameulizwa, na yule alikuwa anangoja.

"Ya tatu."

Hesabu akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyeletewa jibu tofauti na la kitabuni.

"Una bahati, dada," akasema. Wakamwinamisha kichwa, wakamwingiza garini.

Fundi alibaki amesimama na viatu visivyo na kamba. Jibu lilikuwa limemjaa kifuani, na lilichelewa, kama yanavyochelewa majibu yote ya maana. Gari lilipoanza kurudi nyuma alilifuata, akatembea sambamba na kioo, anaongea. Alimwambia si bahati. Alimwambia wangemfukuza mara ya tatu angerudi ya nne, na ya nne angerudi ya tano, kwa miguu, na mdomo wake huu huu, bila kumtoa mtu hata ukucha. Ndani ya kioo Hesabu aliona mdomo wake unavyokwenda. Aliinamisha kichwa, akakaza macho, anajaribu kusoma. Kisha gari likakata kona.

"Unasemaje, mama?" askari kijana wa mapokezi akamwuliza, akiwa amebaki nyuma na daftari.

"Sisemi na wewe," Fundi akasema.